Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, assalaamu alaykum.

Katika mkutano uliopita mlinilaumu kwamba chama chetu cha wachoraji kinachora sana lakini hakijui kinakoelekea. Lawama niliipokea. Kamati ikaamua jambo moja: kila Jumamosi asubuhi tuchore kitu kilicho mbele ya macho, na mchoro ukaguliwe kwa vipimo kabla hajatokea mtu wa kuusifu.

Wengi wetu hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, tunaishi kwa kuuza picha kwa wageni, na wapo wanaochora picha za mtindo wa Tingatinga kwa mkono usiotetereka. Mkono hauna kasoro. Ila umezoea kuchora mlango unaoujua, jicho halikuulizwa kitu.

Tulianzia Ngome Kongwe. Mnara wa mviringo, kila mtu akaona kazi rahisi. Tulipopanga michoro barazani, karibu yote ilikuwa na kosa lilelile: ukingo wa juu umelegea kuelekea chini kama mdomo wa ndoo, utadhani mchoraji alikuwa juu ya mnazi. Nilieleza sana, hawakunielewa. Aliyetuokoa ni muuza kahawa. Kikombe chake ukikishika chini ya macho, mdomo unauona wote. Ukikipandisha polepole, duara linazidi kubanwa mpaka usawa wa jicho linakuwa mstari mnyoofu. Ukipandisha zaidi, ukingo ulio karibu nawe unapinda kwenda juu. Ndivyo ulivyo ule mnara. Vikombe tulivyokunywa siku hiyo mweka hazina ameviandika kuwa "vifaa vya mafunzo", na mimi nimetia saini.

Baada ya hapo vipimo vikazoeleka. Penseli inashikwa kwa mkono ulionyooshwa kabisa, jicho moja limefumbwa, kidole gumba kinasogea kuonyesha urefu. Kiwiko kikikunjwa hata kidogo, kipimo kimekufa. Kwa mistari ya wima tulitumia uzi wenye nati, timazi ya fundi mwashi. Kwenye majahazi niliwaambia wasichore tanga, wachore kipande cha anga kilichobaki kati ya tanga na mlingoti. Walinicheka, lakini matanga yalikaa sawa.

Sura ya mtu ilitutesa zaidi. Mzee wetu mmoja alikubali kukaa, na takriban wote walimpandisha macho karibu na nywele, ilhali macho hukaa katikati ya urefu wa kichwa. Kijana mmoja alimaliza vitundu vyote vya kofia kabla hajapima chochote. Kofia ilikuwa ya mzee, kichwa sijui cha nani.

Suala la simu lilileta ugomvi. Wapo waliotaka kupiga picha na kunakili nyumbani, kwa hoja kwamba jua linahama. Kweli linahama, na Machi na Oktoba hupita utosini kwetu, saa sita vivuli vikakosekana. Ndiyo maana tunaanza saa moja. Lakini simu ikiwekwa karibu na uso huikuza pua, na anayenakili huinakili pua hiyo. Tulipiga kura, simu zikakatazwa. Wanachama wawili walijitoa. Nafasi zao zipo.

Niseme langu pia. Miaka kadhaa kabla ya sehemu ya Beit al-Ajaib, Jumba la Maajabu, kuporomoka, tarehe 25 Desemba 2020, niliwahi kukaa Forodhani siku nzima nikilichora jengo lile la 1883. Baada ya msiba niliutafuta mchoro kwa pupa. Niliukuta: mawingu mazuri, maji mazuri, na zile nguzo za roshani nimezipachika kwa kukisia, nyingine zikianguka palipo na uwazi. Nilikuwa nimeketi mbele ya jengo zima, na leo mchoro wangu haumsaidii fundi hata mmoja. Tangu siku hiyo sisaini mchoro nisiohesabu.

Fedha: ada zimetosha karatasi na penseli, hazikutosha viti. Hesabu kamili atazisoma mweka hazina.

Mwaka ujao kamati inapendekeza milango ya kuchonga, mmoja kwa mwezi mzima, njumu, yaani vile vichwa vya shaba vya mapambo, zikihesabiwa. Wenye pingamizi waseme kabla ya uchaguzi.

Mwisho, mbao nne za kuchorea hazijarudi tangu Ramadhani. Aliyenazo azilete Jumamosi, hataulizwa.