Salamu za Krismasi kutoka Kongwa, mwaka wa kwanza bila Mzee

Mbukwenyi ndugu zangu, wa hapa nyumbani, wa Dodoma mjini, wa Dar, na nyie mlioko mbali zaidi. Kila mwaka salamu za ukoo naandika mimi, mwaka huu nilitaka kukwepa, shangazi akanipigia akasema usipoandika wewe nani ataandika, basi haya.

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya wenye amani, afya na baraka tele. Mungu awatunze na familia zenu zote.

Mwaka ulikuwa mgumu jamani tusidanganyane. Debe la mahindi pale Kibaigwa, soko lenyewe liko mlangoni kwetu, nimenunua kwa hela ambayo mwaka jana ningebeba debe na nusu na ya mafuta ya kula ikabaki. Mvua imenyesha mara mbili ikakata, tumepanda tunaangalia juu. Watoto wanauliza nguo za sikukuu, nimewaambia ni zilezile za Pasaka.

Na Mzee tulimzika Julai. Jembe lake bado liko nyuma ya mlango wa jiko, tope la msimu uliopita limekaukia palepale, juzi mvua ya kwanza ilipopiga nikaenda kulichukua nikashindwa hata kulishika, nikaazima la jirani. Mtu mzima mimi na watoto wangu.

Ile hadithi yake ya kambini mnaijua, mkesha wa Krismasi alikuwa anaisimulia mpaka tunasinzia. 1964, yeye katoto ka kuchunga mbuzi, wapigania uhuru wa Msumbiji, wale wa FRELIMO, wamefika Kongwa, wanafufua majengo yaliyoachwa na Mwingereza na mradi wake wa karanga. Alikuwa anacheka sana hapo. Mwingereza alikuja 1947 na matrekta, udongo wetu ukikauka unakuwa kama saruji, 1951 akaacha. Hawa wengine wamekuja na majembe, alfajiri wanakimbia wanaimba, jua likipanda wako shambani wanalima chakula chao. Wazee wa hapa kila mmoja anadai Samora Machel, yule aliyekuja kuwa rais wa Msumbiji, alimpa mkono. Mzee hakudai, alisema tu aliwaona kwa mbali, mbuzi zikaingia kwenye mtama wa watu akachapwa. Ndo maana mimi namwamini.

Nimemuwaza sana Samora mwaka huu, sijui kwa nini, labda kwa sababu ya Mzee. Siku hizi ukisema Samora watu wanajua ule mtaa wa Dar. Alikuwa nesi yule, 1963 kaacha kazi na mji wake kaja Tanganyika, kapelekwa Algeria kwenye mafunzo, karudi huku kwetu kwenye vumbi akaongoza kambi. Vita ikaanza 25 Septemba 1964. Februari 1969 kiongozi wao Mondlane kauawa kwa bomu Dar es Salaam. Aprili 1971 mkewe Josina, mpiganaji mwenzake, kafariki Dar hapohapo akiwa na miaka 25 tu, kaacha mtoto mdogo. Na vita haikusimama kumsubiri mtu alie, uhuru wenyewe umekuja 25 Juni 1975. Hiyo miaka minne katikati ndo nashindwa kuielewa. Unaamkaje? Unawaambiaje vijana simameni mstari na wewe mwenyewe ndani umevunjika?

Oktoba 1986 redio iliposema ndege ya Samora imeanguka, mama anasema Mzee hakula siku ile, hakuongea na mtu. Kesho yake kumekucha kachukua jembe kaenda kuberega shamba, maana mvua haijui nani amekufa.

Sasa ndugu zangu, na hasa nyie vijana wa ukoo huu, nidhamu haiji siku ukijisikia vizuri. Kuamka ni kuamka, deni ulilokopa lipa, mgonjwa nenda kamwone na si kumtumia emoji, ada ya mtoto kwanza halafu ndo simu mpya. Mnapostiwa mjini mko baa na huku shamba la marehemu limeota majani, mnamwachia nani? Wengine hata michango ya msiba mliahidi mbele ya kaburi mpaka leo kimya. Siwataji. Mnajijua, na Mungu anawajua, na daftari ninalo mimi.

Nisiwachoshe, najua nimeanza kuhubiri kama yeye. Mwaka mpya ukawe wa neema, mvua zinyeshe, tuvune, tuonane wazima.

Kesho ibada ni saa tatu, tukitoka tunapita kaburini wote halafu nyumbani kula. Na aliyebeba lile sufuria kubwa la msibani, lenye mfuniko uliopinda, naomba alilete leo jioni, wali wa watu wote hawa siwezi kuupika kwenye visufuria vya chai.