Wale maksai, subiri kwanza

Kongwa, Jumapili jioni

Ndugu yangu Saidi,

Salaam sana. Hapa nyumbani sote wazima, Mama Neema kajifungua salama, mtoto wa kike. Nimekaa kimya muda wote huu kwa sababu ya ng'ombe.

Wale maksai 12 ulionitumia fedha, tafadhali usilete gari. Ugonjwa wa miguu na midomo umeingia zizini. Ulianza na dume mwekundu niliyemnunua mnadani. Siku ya tano nilimkuta kajitenga, udenda unaning'inia mpaka chini, anatafunatafuna na pumba hajaigusa. Nilipomshika ulimi, ngozi ilibanduka ikabaki mkononi mwangu. Saidi, nyama ilikuwa nyekundu tupu! Wiki mbili baadaye, kati ya ng'ombe 46, 39 walikuwa wanachechemea au wana malengelenge kwenye fizi. Wakubwa wamepona wote. Ndama wawili walianguka ghafla wakafa, mmoja ametoka kunyonya muda huohuo. Daktari anasema kwa ndama kirusi hushambulia moyo.

Na walichanjwa, mwaka jana. Kumbe kinga yake ni ya miezi sita hivi, halafu kirusi chenyewe kina aina zake, O, A, SAT 1, SAT 2, na chanjo ya hii haizuii ile. Majirani zangu watatu nao wanauguza, maana sote tunanywesha bwawa moja.

Sasa wanakula, kwato nimeziosha kwa magadi zimekauka, na shemeji yako ananiambia niuze tu, nani atajua. Siwezi. Ng'ombe akishapona bado kirusi kinaweza kukaa kooni miezi mingi, tena karantini haijaondolewa, kibali cha kusafirisha nitakipata wapi? Hao maksai wako wamekonda mpaka mbavu zinahesabika. Nikiwaleta hivi kwenye zizi lako halafu wale wa mama yako waanze kuchechemea, nitakutazama vipi?

Niambie, ng'ombe wako wamechanjwa lini mara ya mwisho? Unalo zizi la pembeni la kuwatenga wageni, mbali na maji ya wenzao? Yule rafiki yako wa maabara bado yupo, wanapokea damu kutoka huku? Na fedha yako, nikurudishie sasa au utangoja? Usinionee haya, sema tu.

Wako,
Juma