Mdogo wangu, ile bastola iliyo kabatini

Mdogo wangu,

Asubuhi ile ulipokwisha kutoka kwenda kazini, niliingia chumbani kwenu kutafuta blanketi, kama wifi alivyonielekeza. Nikafungua kabati. Binti yako alikuwa nyuma yangu, mswaki bado mdomoni. Akautoa, akasema kwa sauti ya chini: "Shangazi, hicho kiboksi cha viatu usikiguse. Humo ndimo inamokaa bastola ya baba." Ana miaka 13. Jioni nilipokuuliza, ulinijibu kwa uhakika kabisa kwamba watoto hawajui kama ipo.

Sikukugombeza siku ile na leo sikugombezi. Najua ulivyoinunua. Jirani yenu alivunjiwa nyumba usiku, mwenyewe yumo ndani na wanawe, na wiki nzima ulilala sebuleni taa zikiwaka. Mwanamume mwenye familia akinunua silaha baada ya usiku kama ule, simwoni kuwa mtu mbaya, na sheria ya Marekani inamruhusu. Ila kuna neno uliniambia likanikaa kooni: "Dada, hizo takwimu za bunduki zimepikwa." Barua hii ni jibu la neno hilo. Naiandika hadharani kwa sababu tuko wengi huku tuliohamia ambao tuna kiboksi kama hicho kabatini, na neno hilohilo midomoni.

Ngoja nikueleze zilivyopatikana. Arthur Kellermann alikuwa daktari wa dharura, kama hawa ninaofanya nao kazi kila zamu. Yeye na wenzake walichunguza nyumba ambamo mtu ameuawa, katika kaunti tatu zenye miji ya Memphis, Seattle na Cleveland. Kwa kila marehemu walitafuta mtu wa mtaa huohuo aliye hai, wa jinsia na rangi ileile na wa umri wa kukaribiana, wakalinganisha nyumba hizo mbili: nani anakunywa, nani anatumia madawa, nani aliwahi kupigwa, wapi kuna silaha. Mwaka 1993 wakachapisha walichokiona. Hata baada ya kuyatenga hayo mengine, kuwa na bunduki nyumbani kuliendana na hatari ya kuuawa humo ndani mara 2.7 kuliko nyumba isiyo nayo. Na wengi wa waliouawa walikuwa wameuawa na ndugu au mtu wanayemfahamu.

Wapo waliopinga. Walisema pengine watu waliokwisha kuwa hatarini ndio walionunua bunduki, kwa hiyo bunduki inasingiziwa. Ni hoja ya haki kabisa, na wewe mwenyewe ungeitoa. Hoja kama hiyo hujibiwa kwa utafiti mkubwa na bora zaidi. Kilichofuata kikawa kingine. Mwaka 1996 mbunge wa Arkansas, Jay Dickey, aliingiza kifungu kwenye sheria ya bajeti: fedha za kuzuia majeraha za CDC, taasisi ya serikali ya kudhibiti na kuzuia magonjwa, zisitumike kutetea wala kupigia debe udhibiti wa bunduki. Bunge likaiondolea CDC dola milioni 2.6 za kazi hiyo, kiasi kilekile ilichokuwa imetumia mwaka uliotangulia kutafiti bunduki, zikapelekwa kwenye majeraha ya ubongo.

Kukisoma kifungu chenyewe, hukuti mahali palipoandikwa kwamba utafiti ni marufuku. Lakini kila aliyekuwa na mshahara na wasaidizi wa kulipa alielewa kilichokusudiwa. Mtafiti kijana akiuliza aandike andiko gani la kuomba fedha, aliambiwa achague mada nyingine. Mark Rosenberg, aliyekuwa akiongoza kituo cha CDC cha kuzuia majeraha, aliondolewa mwaka 1999. Hivyo kwa zaidi ya miaka 20 taifa lenye maabara na vyuo vya kila namna halikuuliza sawasawa ni nini kinaua watu wake na kinazuilikaje. Mdogo wangu, ukisema takwimu zimepikwa, mimi naona chungu chenyewe kilikuwa kimeondolewa jikoni.

Na hapa pana jambo ambalo kila nikilikumbuka linanigusa. Dickey na Rosenberg, waliokutana kama maadui, walianza kuzungumza. Wakazungumza juu ya watoto wao. Wakawa marafiki kwelikweli. Mwaka 2012, baada ya watu kuuawa ndani ya ukumbi wa sinema mjini Aurora, Colorado, wawili hao waliandika makala pamoja kwenye gazeti wakitaka utafiti wa bunduki urudi. Dickey alikuwa mwenye bunduki na alibaki kuitetea haki ya kumiliki silaha mpaka anafariki mwaka 2017. Alichokijutia ni kuzuia maarifa. Mwishoni mwa 2019 Bunge lilitenga dola milioni 25, zikagawanywa sawa kati ya CDC na taasisi za taifa za utafiti wa afya. Kwa janga la ukubwa huu ni fedha kidogo, na kilichotolewa kwa kura kinaweza kuondolewa kwa kura.

Ile hoja ya haki ilikuja kujibiwa pia. Watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Stanford walifuatilia kumbukumbu za watu wazima zaidi ya milioni 26 wa California, wakioanisha manunuzi ya bastola na vifo. Mwaka 2020 walionyesha kwamba wanaume wenye bastola walikuwa karibu mara 8 zaidi kufa kwa kujipiga risasi kuliko wanaume wasio nayo. Mwaka 2022 wakawatazama wale ambao hawana bastola lakini wanaishi nyumba moja na mwenye nayo. Hao waliuawa zaidi ya mara mbili kuliko wanaoishi na wasio nayo. Wanaokufa nyumbani kwa kupigwa risasi na mume, mke au mpenzi wao walikuwa wengi mara 7 hivi, na wengi mno ni wanawake. Kama bastola ingekuwa inawakinga wa nyumbani dhidi ya wa nje, ilitakiwa tuwaone hao wakiuawa kidogo kuliko wengine.

Lakini linaloninyima usingizi juu ya nyumba yako si mauaji. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa risasi Marekani. Kati yao 26,328 walijiua. Zaidi ya nusu, mdogo wangu, na karibu hakuna anayelitaja hilo tunapobishana juu ya wezi na kujilinda.

Sisi wauguzi wa dharura tunawaona wachache tu, maana aliyetumia bunduki mara nyingi hafiki kwetu. Waliojaribu kwa njia nyingine wengi huponyoka. Kwa bunduki, takriban tisa kati ya kumi hufa. Kuna baba mmoja sitamsahau. Alikaa kwenye korido, mfuko wa plastiki wa dukani bado umening'inia mkononi, umelowa kwa maziwa baridi, akirudia neno lilelile kwa kila aliyepita: "Dakika kumi. Nilitoka dakika kumi tu." Nilijaribu kumpokea ule mfuko, akakataa kuuachia.

Dakika zina maana kubwa hapa. Watafiti waliwahoji vijana wa Houston waliojaribu kujiua wakanusurika. Karibu robo yao walisema kati ya kuamua na kutenda hazikupita dakika 5. Na wanaonusurika jaribio kubwa, walio wengi, takriban tisa kati ya kumi, hawaji kufa kwa kujiua baadaye. Wimbi linapanda, linashuka. Linapokuwa juu, kila kitu kinategemea kile ambacho mkono utakikuta karibu. Uingereza waliliona hilo bila hata kulikusudia: gesi ya makaa yenye sumu ilipoondolewa majikoni miaka ya 1960 na 1970 ikaja gesi isiyo na sumu ile, waliojiua wakapungua kama theluthi moja nchi nzima. Jeshi la Israeli lilipoacha kuwaruhusu askari kurudi nyumbani na bunduki mwisho wa juma, kuanzia 2006, waliojiua walipungua kwa asilimia 40 hivi. Askari walikuwa walewale, na huzuni zao zilezile. Kilichobadilika ni umbali kati ya mtu na bunduki.

Ulinijibu pia, "Mbona magari yanaua na hayapigwi marufuku?" Nakushukuru kwa mfano huo, maana ndio ninaoutaka. Mwaka 1966 Marekani ilipitisha sheria ya usalama wa magari. Yakaja mikanda, vioo visivyokata watu nyuso, usukani usiochoma kifua, baadaye mifuko ya hewa. Leseni zikakazwa, barabara zikachorwa upya. Tangu 1975 kila ajali ya barabarani iliyoua mtu inaandikwa kwa kina kwenye daftari moja la taifa. Vifo kwa kila maili inayoendeshwa vimepungua zaidi ya robo tatu, na magari yameongezeka. Daftari la vifo vya ukatili, vikiwemo vya risasi, lilianza mwaka 2002 na majimbo sita, likayafikia yote 50 mwaka 2018. Nadhani unaona tofauti. Mwaka 2020 risasi ziliyapita magari, zikawa chanzo cha kwanza cha vifo vya watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19 nchini humu. Wanao wote wawili wamo kwenye umri huo.

Na usidhani kazi hii ni ya wanaochukia bunduki. New Hampshire, mwaka 2009, watu watatu wasiojuana walinunua bunduki kwenye duka moja ndani ya wiki moja, na kila mmoja akajiua saa chache baada ya kununua. Mwenye duka alipoambiwa hakujificha nyuma ya sheria, ingawa hakuwa ameivunja. Alikaa meza moja na wataalamu wa afya ya jamii, na wenye maduka wenzake wakaulizwa: mteja aliye katika hali ile utamtambuaje? Zikatengenezwa karatasi za kubandika madukani, na wazo likasambaa majimbo mengine. Mtu anayejua bunduki aliisaidia afya ya jamii kuona ambacho daktari asingekiona.

Yapo mengine. Philadelphia walisafisha viwanja vilivyotelekezwa, wakapanda majani na miti michache, na kwenye mitaa maskini matukio ya risasi yakapungua kwa asilimia 29. Missouri walifuta mwaka 2007 sharti la kuwa na kibali ndipo ununue bastola, na mauaji ya risasi yakapanda. Sheria zinazombana mwenye silaha aiweke mbali na mtoto zimeonekana kupunguza vijana kujiua na ajali za watoto. Juni 2024 Daktari Mkuu wa Marekani, Vivek Murthy, alitangaza kwamba ukatili wa bunduki ni janga la afya ya jamii. Hayo ya sera tutabishana ukinipigia, na ukienda kupiga kura nitakuomba umuulize mgombea wako kuhusu fedha za utafiti kabla hujamuuliza kuhusu kodi.

La nyumbani halisubiri uchaguzi. Sikuombi uiuze. Naomba risasi utoe leo, ziwe kwenye kasha lake, na bastola kwenye kasha lake la chuma, yote yamefungwa. Watafiti walioangalia nyumba zenye watoto waliona kila kimoja kati ya hivyo, kufunga silaha, kutoa risasi, kuzifunga kando, kinaendana na watoto wachache kuumia. Na ikitokea mmoja wenu nyumbani amezama, amekuwa kimya kuliko kawaida, hata ukiwa wewe mwenyewe, niite nije niichukue au mpe rafiki mnayemwamini na ambaye sheria ya jimbo lenu inamruhusu, mpaka hali itulie. Namba ya 988, ya simu ya msaada hapa Marekani kwa wanaofikiria kujiua au waliozidiwa moyoni, inapokelewa usiku na mchana, na wanasikiliza hata mtu ambaye hajui aanzie wapi.

Fedha za makasha nitatuma mimi, usibishane na mkubwa wako. Ila ufunguo usiuweke kwenye ile droo ya jikoni yenye betri na vibiriti. Nilimuuliza binti yako siku ile kama kuna mahali humo ndani asipopajua. Alifikiri kidogo, akasema hapana.

Dada yako