Ripoti ya mwaka ya mwenyekiti: tuzo, daku na filamu yetu iliyokwama

Assalaam aleikum na hamjambo wanachama wote wa kikundi chetu cha filamu, wa Shela, Barani, Maweni, na hata nyinyi mliohamia Mombasa na bado mnatuma ada (wengine mko hapa hapa Malindi na hamtumi, tunajuana). Hii ndo ripoti yangu ya 2025, nimeiandika kwa simu kwa hivyo mnivumilie.

Ya pesa niyamalize haraka. Mama mweka hazina ashaweka hesabu kwa grupu, projekta sasa ni yetu, hatukodi tena, deni lililobaki ni la viti tu.

Sasa lile lililonikaa moyoni mwaka mzima, huu msimu wa tuzo. Mnakumbuka Oscar, zile tuzo kubwa za filamu za Marekani, ziliangukia Ramadhani, usiku wa kuamkia tarehe 3 Machi, kule kwao ni Jumapili jioni na huku kwetu saa tisa za usiku, wakati wa daku kabisa. Tulikuwa watu tisa, sinia la wali wa nazi katikati, simu tumeiegemeza kwa chupa ya chai, bando linagoma kila anapotaka kutajwa mshindi. Kijana mmoja tonge liko mkononi halijafika mdomoni anauliza, "Mwenyekiti, hiyo Latvia iko wapi?" Maana filamu ya katuni iliyoshinda, Flow, inatoka Latvia, nchi ambayo haijawahi kupata Oscar kabla ya usiku ule, hadithi ya paka na mafuriko, haina neno hata moja la kuzungumzwa, na wameitengeneza kwa Blender, programu ya bure, wewe waweza kuishusha leo kwa kompyuta yako. Wallahi nilifunga siku hiyo nikiiwaza.

Lakini msidhani tuzo zinajileta. Msimu unaanza mwisho wa Agosti kwa tamasha la filamu la Venice kule Italia, kisha la Toronto kule Kanada, Januari tuzo za Golden Globes za Marekani, Februari BAFTA za Uingereza, ndo Machi Oscar, na miezi yote hiyo watu wanamwaga pesa kuzinadi filamu zao kwa wanaopiga kura. Anora, iliyochukua filamu bora, ilitengenezwa kwa kama dola milioni 6, na magazeti yakaandika kwamba kampeni yake ya tuzo ilikula milioni 18. Ni kama kutoa mahari elfu sita halafu mpiga picha wa harusi umlipe elfu kumi na nane! Ila wao wanajua wafanyalo, filamu ndogo ambayo ingeshatoka sinemani inarudishwa, inauzwa nchi nyengine, na mwigizaji aliyekuwa hapigiwi simu sasa anataja bei yeye.

Kuna sharti moja linatuhusu sisi Waswahili. Kwenye kundi la Oscar la filamu za kimataifa kila nchi inatuma moja tu, na zaidi ya nusu ya maneno yasiwe Kiingereza. Nigeria waliona cha moto 2019, Lionheart yao ikatolewa kwa sababu Kiingereza kilizidi. Kwa hivyo nyinyi mnaonisumbua tuigize kwa Kiingereza ati tufike mbali, mbali wapi? The Letter, ile dokumentari ya kaunti yetu hii ya Kilifi, ya nyanya anayeitwa mchawi na watu wa nyumba yake mwenyewe, imejaa Kiswahili na Kigiriama na ndo Kenya iliituma kwa Oscar za 2021. Haikuteuliwa, sawa, lakini ilitumwa. Tulipoionyesha kwa shuka pale uwanjani, bibi mmoja aliyekuja kuuza njugu alitua beseni akakaa chini mpaka mwisho, hakuuza hata pakiti. Nikamnunulia zote zilizobaki, ndo ile shilingi 340 iliyo kwa hesabu, mama mweka hazina usiniulize tena.

Filamu yetu ya wavuvi haikufika popote na lawama ni yangu. Tamasha tulilotaka kuipeleka lilitaka tafsiri ya Kiingereza chini ya picha na ruhusa ya muziki, sisi tumeweka taarab ya zamani bila kumuomba mtu, na tafsiri nikaiachia mashine usiku wa mwisho, "chombo kimezama" ikageuza kuwa sahani imezama. Kuja kurekebisha, faili lenyewe ni zito, tuko saiba, pale pa kulipia intaneti, linapanda asilimia baada ya asilimia, stima hiyoo ikapotea. Saa sita ya usiku, mwisho wa kupokea filamu, ikapita tuko gizani tunatazamana.

Mwaka ujao nataka tuanze na tamasha la Zanzibar, wenzetu hao tuzo yao ni Jahazi la Dhahabu na chombo hawatakiita sahani, kisha Kalasha za Nairobi, tuzo za filamu za Kenya. Tafsiri ifanywe na binadamu, mwezi mzima kabla, na kama kuna anayemjua fundi wa udi atutungie muziki wetu wenyewe aje Jumamosi baada ya alasiri. Pia aliyechukua waya wa projekta siku ya mkutano airudishe, tushajua ni nani.