Paneli mpya ya swichi si dawa ya waya mchakavu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji ili niseme machache kuhusu makala yenu iliyowaeleza wenye boti namna ya kubadilisha wenyewe paneli ya swichi. Picha zilikuwa safi, na maelezo ya kupima na kukata tundu kwenye ubao yalieleweka hata kwa asiyewahi kushika msumeno. Hata hivyo kulikuwa na sentensi moja iliyonishtua, nayo ni ile iliyomshauri msomaji kwamba, endapo fyuzi ya paneli mpya itakatika mara kwa mara, aweke yenye ampea kubwa zaidi. Ushauri wa namna hiyo ndio unaounguza boti, na ningependa urekebishwe mapema.

Fyuzi haiwekwi kwa ajili ya kulinda taa wala redio, bali huwekwa ili kuulinda waya. Kila waya una kiasi cha mkondo unachoweza kukibeba kabla ganda lake halijaanza kuyeyuka, na ukubwa wa fyuzi huchaguliwa kwa kuangalia waya mwembamba kuliko wote katika saketi hiyo. Fyuzi ya ampea 10 inapokatika, ama kifaa kinavuta umeme kupita kiasi, ama mahali fulani waya umechubuka na kupiga shoti. Mtu akiweka ya ampea 30 juu ya waya uleule, waya wenyewe ndio unageuka kuwa fyuzi, nao utakatikia nyuma ya ubao, kwa moto, mahali ambapo hakuna anayeuona.

Wapo watakaosema kwamba volti 12 ni kidogo na haziwezi kumdhuru mtu. Ni kweli kwamba ukigusa terminali mbili za betri kwa vidole vikavu hutahisi kitu. Lakini betri ya kuwashia injini ikipigwa shoti huweza kutoa ampea zaidi ya 1,000 kwa muda mfupi, kiasi cha kuifanya spana iliyoangukia terminali iwe nyekundu na pete ya kidoleni iunguze nyama. Volti ni chache. Ampea ndizo za kuogopwa.

Nami nasema haya si kama fundi bali kama mtu aliyekosea. Boti yangu ilikuwa na paneli ya swichi nne, nikaitoa na kuweka ya swichi kumi, zenye vitaa vidogo vya buluu ambavyo, nakiri, nilivipenda kuliko kazi yenyewe. Nyuma yake niliuacha waya mkuu wa zamani, wa milimita mraba 6, uliokuwa ukitoka kwenye betri umbali wa mita tatu. Kwa swichi nne ulitosha. Nilipoongeza jokofu, redio na pampu nyingine, hata mzigo ukafika ampea 40, taa zilianza kufifia na ubao ukawa na joto mkononi. Hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla ni nyepesi: umeme huenda na kurudi, kwa hiyo mita tatu ni mita sita za waya, na waya huo wa shaba una ukinzani, yaani kiasi unavyozuia umeme kupita, wa takriban omu 0.0175. Kwa ampea 40, volti 0.7 hupotea njiani, yaani karibu asilimia 6, na wati 28 hugeuka joto ndani ya waya. Waya wa milimita mraba 16 ungepoteza chini ya volti 0.3. Kanuni za American Boat and Yacht Council, shirika la Marekani linaloweka viwango vya usalama wa boti, ambazo wajenzi wengi wa boti huzifuata, huruhusu upotevu wa asilimia 3 tu kwa waya mkuu wa paneli na kwa saketi muhimu kama taa za safari, na asilimia 10 kwa zile zisizo za lazima.

Jambo la pili ambalo makala haikuligusa ni kwamba fyuzi zilizomo ndani ya paneli haziulindi waya unaotoka kwenye betri kuja kwenye paneli hiyo. Waya huo usipokuwa na fyuzi yake mwenyewe upande wa betri, ukichubuliwa na ukingo wa ubao utawaka hata kama swichi zote kumi zimezimwa. Kanuni hizohizo zinataka fyuzi hiyo iwe ndani ya inchi 7, yaani sentimita 18 hivi, kutoka kwenye betri, na huongeza umbali huo pale tu waya unapopitishwa ndani ya mfereji au ala. Kwa hiyo anayetaka kufanya kazi hii mwenyewe, na simkatazi, aanzie kwenye betri, aende na waya mpaka kwenye paneli, na paneli yenyewe aiweke mwishoni.

Kuhusu waya wenyewe, ule wa nyumbani wenye uzi mmoja mgumu haufai botini, kwa sababu mitetemo ya injini huuchosha hadi ukakatika. Unaotakiwa ni ule wenye nyuzi nyingi nyembamba, na afadhali kila uzi uwe umepakwa bati. Shaba tupu hunyonya unyevu kwenye ncha, nao weusi husafiri chini ya ganda kwa umbali unaoshangaza. Nilimenya waya mmoja wa taa ya mlingoti nikitafuta shaba ing'aayo, nikakata, nikamenya tena, nikakata, mpaka nikakubali kuutupa wote.

Maungio nayo hustahili uvumilivu. Kiungo kilichoota kutu chenye ukinzani wa omu 0.1 tu, kikipitisha ampea 10, hutoa joto la wati 10 mahali padogo kama ukucha. Najua wapo wanaopenda kulehemu, na kwenye redio wana haki. Lakini botini lehemu huufanya waya uwe mgumu pale inapoishia, na hapo ndipo mitetemo huuvunja. Kubana kwa koleo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kisha kufunika kwa mrija wenye gundi unaosinyaa kwa joto, ndiyo njia iliyo salama zaidi. Baada ya kubana, uvute waya kwa nguvu. Ukichomoka, ni heri uchomoke leo.

Nimesikia pia hoja kwamba swichi ya nyumbani iliyostahimili volti 230 haiwezi kushindwa na 12. Hoja hiyo husahau kwamba mkondo wa nyumbani wa hezi 50, unaogeuza mwelekeo kila mara, hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde, hivyo cheche inayozuka swichi inapofunguka huzimika yenyewe. Umeme wa betri hauna sifuri hiyo, na hasa pampu au mota inapozimwa, cheche huendelea kuzila ncha za swichi mpaka zinagandana. Swichi na breka, yaani swichi zinazojikata zenyewe mkondo ukizidi, zinunuliwe zile zilizoandikwa kuwa ni za mkondo wa betri.

Pampu ya ngama, ile inayotoa maji yanayojikusanya chini ndani ya boti, isipitie swichi kuu. Iwe na waya wake kutoka kwenye betri, wenye fyuzi yake, ili swichi ya boya, ile inayoinuliwa na maji yanapopanda, iweze kuiwasha hata mwenye boti akiwa ameshazima kila kitu na kwenda zake. Niliona kwenye mchoro wenu pampu hiyo ikichukua nafasi ya tatu kwenye paneli kama taa ya chumbani, na sidhani mchoraji alikusudia boti ijae maji pindi mwenyewe atakapoondoka.

Ama umeme wa gatini, ule wa volti 230 au 120 unaoletwa botini kutoka nchi kavu, huo ni shauri la fundi aliyefuzu, kwa kuwa kosa lake huweza kuvujisha umeme majini na kumuua mtu anayeogelea kando ya boti.

Kwa hayo, naomba mchapishe marekebisho ya ule ushauri wa fyuzi, mahali pa wazi kama makala yenyewe ilivyowekwa. Mkipata nafasi ya makala ya pili, tafadhali pigeni picha ya nyuma ya paneli, maana ya mbele tumekwisha kuiona. Mkikosa ya kupiga, yangu ipo tayari, ingawa ina nyaya mbili ambazo mpaka leo sijaziwekea lebo.

Wenu,
Msomaji na mwenye boti