Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo: Simu ipime maji, isimhukumu mkulima

Mheshimiwa Waziri,

Salaam kutoka bondeni, upande wa chini wa jiji la Dodoma, ambako korongo hutuletea kila kilichosahaulika mjini. Pongezi za pikipiki za maafisa ugani, za ruzuku ya mbolea na za mashamba ya vijana pale Chinangali umeshazisikia za kutosha, nami naziunga mkono. Leo niziruke, niende kwenye jambo ambalo bado halijafanyiwa hafla.

Kwenye bustani zetu zimeanza kuingia zana za kidijitali za kukadiria hatari ya usalama wa chakula. Hazikuja kwa mlango wa Serikali, zimekuja kwenye mikono ya wanunuzi. Mtu anafika na kishikwambi, anauliza maswali, anabonyeza, programu inatoa rangi: kijani, njano au nyekundu. Rangi hiyo ndiyo inayoamua kama hoho na nyanya zako zitaingia hotelini na kwenye maduka makubwa, au zitarudi kwa dalali kwa bei ya kutupa. Mkulima haoni maswali kabla, haoni alama baadaye, na karatasi haachiwi.

Niseme mapema nisieleweke vibaya: zana yenyewe siipingi. Mtu wa mkoa huu hawezi kufanya mzaha na habari ya chakula salama. Mwaka 2016, Chemba, Kondoa na kwa majirani zetu wa Kiteto, watu walizikwa kwa sababu ya sumukuvu, sumu ya ukungu kwenye nafaka; wagonjwa waliohesabiwa walikuwa 68, na 20 kati yao walifariki. Yale yalikuwa mahindi, na mahindi angalau hukaa ghalani, unaweza kuyazuia ukayapima. Mboga haisubiri. Mchicha unavunwa alfajiri, saa mbili uko soko la Majengo, jioni uko sufuriani. Tena mchicha afadhali, unapikwa. Kachumbari haipikwi. Nyanya, tango, karoti na giligilani hukatwa zikaliwa vivyo hivyo, na hakuna maabara itakayopima kila fungu kabla halijafika mezani. Kwa hiyo kukadiria hatari mapema, huku shambani, ni akili. Ninachogomba nacho ni namna inavyokadiriwa, na nani anabebeshwa jibu lake.

Hesabu ya zana hizi si ya ajabu. Kila swali lina uzito wake. Uwezekano wa jambo baya kutokea unazidishwa kwa ukubwa wa madhara yake, majibu yanajumlishwa, jumla inaangukia kwenye rangi. Zile nzuri zaidi huongeza na mambo ambayo mkulima hakuulizwa: mvua ilinyesha kiasi gani wiki hii, mteremko unaelekea wapi, zizi na choo cha shimo viko umbali gani na maji. Shida iko kwenye ule uzito. Nani aliupanga, na alikuwa ameona bustani ya wapi?

Nikupe mfano wa zana iliyopita kwetu. Mwenye nayo simtaji. Swali la maji liliuliza: una cheti cha maabara cha maji yako, cha ndani ya miezi 12? Kuna mama jirani yangu ana kisima kirefu, kimefunikwa kwa zege, hakina zizi wala choo karibu. Alijibu hapana. Kaka mmoja ng'ambo ya korongo anavuta maji ya mtaro kwa mashine ya petroli, maji ambayo ukiyainamia unajua yametoka wapi. Naye alijibu hapana. Wote wawili wakaandikiwa sifuri ile ile. Likaja swali la kunawa mikono. Yule mama ana ndoo yenye koki, na kipande cha sabuni ya mche kwenye soksi iliyoning'inizwa mtini. Kijana wa kishikwambi akaitazama, akafikiri, akaandika hapana, kwa kuwa programu ilitaka picha ya sinki. Mwisho wa yote, nyekundu. Mama akauliza afanye nini atoke kwenye nyekundu. Kijana, ambaye kwa kweli alikuwa na adabu zake, akajibu kwamba mfumo ndio unaoamua na yeye haoni ndani yake.

Hapo hatari haikupimwa, Mheshimiwa. Zilipimwa karatasi.

Wenye maabara kila kona wameshapita njia hii. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba majitaka yaliyosafishwa, yakitumika kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi, yasizidi bakteria 1,000 wa kinyesi kwa kila mililita 100. Nchi nyingi maskini zikashindwa kufikia namba hiyo, na wakulima wakaendelea kumwagilia kama kawaida. Mwongozo wa shirika hilo hilo wa mwaka 2006 ukabadili mtazamo: badala ya kuning'inia kwenye namba moja ya maji, hesabu vizuizi vyote kuanzia bwawani hadi sahani ya mlaji, na kila kizuizi kipewe alama zake. Marekani nayo kanuni yake ya mwaka 2015 iliweka kipimo cha E. coli, bakteria wa kinyesi, 126 kwa mililita 100 za maji ya shamba. Mwaka 2024 waliachana na namba hiyo kwa maji yanayotumika kabla ya mavuno, wakamtaka mkulima atathmini hali nzima ya chanzo chake: maji yanatoka wapi, nini kiko jirani, anamwagilia kwa njia gani, hali ya hewa ikoje. Hiyo ndiyo kazi ambayo programu nzuri ya simu ingeweza kuifanya Dodoma. Sasa sisi tunaletewa programu inayodai cheti.

Na Dodoma ina mambo yake. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, miezi iliyobaki ni kiangazi kitupu. Maji ya majitaka hayafuatwi kwa sababu mtu anayapenda. Yanafuatwa kwa sababu Septemba yapo, na visima vifupi vimekauka. Halafu yana mbolea ya bure. Nani asiyejua jinsi chainizi inavyonenepa kule?

Kitaalamu kuna dawa rahisi: acha kumwagilia maji hayo siku chache kabla ya kuvuna. Jua na ukavu huua vimelea juu ya majani, na kwa makadirio ya mwongozo ule wa 2006, siku moja inaweza kupunguza idadi yao mara tatu hadi mara mia, kutegemea hali ya hewa na zao. Kwa jua letu, ungesema Mungu ametupa maabara ya bure. Lakini jaribu kumwambia mkulima wa mchicha aache maji siku tatu mwezi wa Oktoba. Siku ya pili umelala, siku ya tatu hata mbuzi anausita, na mama wa sokoni hanunui majani yaliyonyauka. Ushauri huo unafaa kwa nyanya na hoho, kwa majani hauwezekani. Kwa mchicha kinachowezekana ni siku za mwisho utumie maji ya kisima, na uyamwage kwenye shina kwa kopo badala ya kuyanyunyiza juu ya majani kwa keni. Kazi inaongezeka, ni kweli, ila inafanyika. Nimeyaona haya yakifanyika kwenye matuta. Kwenye ile programu hakukuwa na mahali pa kuyaandika.

Angalia na faida tunayoikosa. Mvua za kwanza zikishuka, korongo linasomba kila kitu: vinyesi vya mifugo, vyoo vilivyojaa, takataka za mitaa ya juu. Hizo ndizo siku mbaya kuliko zote kwa maji ya bustani, na ndizo siku ambazo mkulima anaona amepona kwa kuwa maji yamerudi. Mfumo wenye taarifa za mvua za Mamlaka ya Hali ya Hewa na ramani ya makorongo yetu ungeweza kutuma ujumbe mfupi, kwa Kiswahili, kwenye simu ya kitochi, usiohitaji bando: "Korongo limechafuka, usimwagilie majani kwa maji haya wiki hii." Usajili wa wakulima na namba zao za simu Wizara unao tangu ruzuku ya mbolea ya mwaka 2022. Hiyo ndiyo zana ninayoitaka. Inamuonya mtu kabla, haimkamati baada.

Kuna na soko. Programu hizi huishia kwenye uzio wa shamba, kana kwamba mboga inapaa kutoka tuta hadi sahani. Ukienda kwenye masoko yetu mchana utaona ndoo moja ya maji, karoti za asubuhi zimeoshewa humo, fungu la spinachi limechovywa humo humo lichangamke, na kila baada ya muda muuzaji anachota kwa kiganja na kunyunyiza meza nzima. Mwongozo wa 2006 unakadiria kwamba kuosha kwa maji safi kunapunguza vimelea mara kumi. Kuosha kwa maji yale sijui tukuite nini. Kama mkulima aliyefuata kila kitu mboga yake ikichafuliwa sokoni, na mlaji akaugua, rangi itapakwa shamba lipi?

Kuhusu viuatilifu nitasema kidogo, maana Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu ina wataalamu wanaojua kunizidi. Swali la programu ni "ulipiga dawa lini?" Swali zuri. Ila nyanya zikianza kuiva zinachumwa kila baada ya siku tatu au nne, na kuna dawa ambazo siku za kungoja kabla ya kuvuna ni saba. Mtu afanye nini na tenga la katikati? Wengi wetu hununua dawa ya kupimiwa kwenye chupa ya soda, kwa sababu chupa nzima hatuimudu, na chupa ya soda haina maelekezo. Kumpa mkulima huyo nyekundu bila kugusa duka la pembejeo ni kuuacha mzizi ukachuma jani.

Sasa nije kwenye haki. Mwaka 2011 Ujerumani ilipatwa na mlipuko wa E. coli uliowaletea maradhi watu karibu 4,000 na kuua zaidi ya 50. Vidole vya kwanza vilielekezwa kwenye matango ya Hispania. Matango yakaoza mashambani, mipaka ikafungwa, na baadaye ikaonekana chanzo ni mbegu za uwatu zilizooteshwa na kuliwa mbichi. Umoja wa Ulaya ulitoa fidia ya zaidi ya Euro milioni 200 kwa wakulima wa mboga walioharibiwa soko. Wale walikosewa na maofisa wenye maabara, tena wakafidiwa. Mkulima wa Dodoma akikosewa na programu atamdai nani?

Sheria tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inagusa pia maamuzi yanayotolewa na mashine peke yake, na inampa mtu haki ya kuyahoji. Namba ya simu ya mkulima, ramani ya shamba lake, madeni yake ya dawa na picha ya choo chake ni taarifa zake. Bado sijaona mnunuzi aliyemsomea mama yeyote wa bustani haki hiyo kabla ya kubonyeza kishikwambi.

Ombi langu, Mheshimiwa Waziri, ni kwamba Wizara iweke kanuni kabla rangi za wanunuzi hazijageuka kuwa sheria ya nchi. Anayetaka kupima shamba la mboga Tanzania aweke maswali yake na uzito wa kila swali hadharani, kwa Kiswahili, na rangi anayotoa iambatane na sababu na hatua ya kuchukua. Mkulima asiyeridhika awe na haki ya kumwita afisa ugani aje aone kwa macho, na neno la afisa huyo liweze kufuta rangi. Maafisa ugani wanazo pikipiki sasa, kazi hii wanaiweza.

Na hili ndilo ninaloliomba kwa mkazo kuliko yote: nyekundu inayotokana na maji isiandikwe kwa jina la mkulima. Iandikwe kwa chanzo. Wakulima wote wanaochota korongo moja wana hatari moja, na hakuna hata mmoja wao mwenye uwezo wa kulisafisha. Chanzo kikiwa chekundu, taarifa iende moja kwa moja kwa bodi ya maji ya bonde, kwa mamlaka ya majisafi na usafi wa mazingira na kwa halmashauri, na kila mmoja awe na muda wa kujibu: kupima maji, kurekebisha mfereji, kuchimba kisima cha pamoja. Leo tunapigwa danadana. Maji ni ya huyu, dawa ni ya yule, chakula tangu mwaka 2019 ni cha Shirika la Viwango, afisa ugani ni wa TAMISEMI. Mkulima ndiye pekee ambaye hatari zote zimeandikwa kwake.

Kwa kuanzia, Wizara ichague bonde moja hapa hapa Dodoma, ipime vyanzo vyake kiangazi hiki na tena mvua za kwanza zikinyesha, na matokeo yabandikwe kwenye ofisi ya kata. Ukitoka Mtumba, ziliko ofisi za Wizara, si mbali. Sisi tutaonyesha visima, mitaro na ile ndoo ya sokoni, na maswali ya programu tutayajibu tukiwa tumeyasoma.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Katibu wa kikundi cha wakulima wa bustani,
Dodoma.

Nakala: Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, Shirika la Viwango Tanzania, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na kwa kijana wa kishikwambi, popote alipo.