Barua kwa Rehema: bluu isigeuke zambarau

Dar es Salaam

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi, na hongera kwa duka. Barua yako nimeipata, unapouliza kwa nini bluu ya bango la ile zahanati imetoka zambarau, pamoja na kipande cha fleksi (turubai la plastiki la mabango) ulichokata kwenye bango hilo. Vizuri umetuma kipande chenyewe badala ya picha ya simu, maana kinajieleza.

Umebofya kisanduku cha bluu kwenye paleti ya CMYK inayojifungua yenyewe pembeni mwa programu ya CorelDRAW. CMYK ni wino nne za mashine, kwa mpangilio huu: sayani (bluu ya kijani), majenta (waridi kali), njano na nyeusi. Kisanduku kile kina sayani 100 na majenta 100, basi. Kwenye skrini ni bluu safi, kwenye fleksi ni zambarau, na ingetoka hivyo kwenye mashine yoyote, mpya au kuukuu. Sababu iko ndani ya wino. Sayani haimezi mwanga mwekundu wote, kuna kidogo kinachoponyoka, na majenta ikishalingana na sayani ule wekundu unajitokeza. Usimlaumu kijana wa mashine, na wala usinunue wino mwingine.

Kwa bluu, shika hili: majenta iwe chini ya sayani kwa pointi 30 au zaidi. Sayani 100 na majenta 60 itakupa bluu inayoonekana bluu hata kwa mtu aliye kwenye daladala. Ukiitaka nzito zaidi, usiguse majenta, ongeza nyeusi: 100, 60, 0, 30. Hesabu hizi ni za kuanzia tu. Mashine yako, wino wako na fleksi yako ndivyo vitakavyosema neno la mwisho, na ndiyo maana nataka uache kabisa kuchagua rangi kwa kuangalia skrini.

Skrini inatoa mwanga, fleksi inaurudisha. Kuna rangi ambazo skrini inaweza kuzionyesha na wino nne haziwezi kuzifikia hata ukimwaga chupa nzima: bluu ya RGB (nyekundu, kijani na bluu za mwanga wa skrini) yenye 0, 0, 255, kijani kikali cha 0, 255, 0, chungwa linalong'aa. Kwenye Pantone (mfumo wa rangi zenye majina na namba, na vitabu vya sampuli) nako wamo wakorofi wawili utakaokutana nao sana, Reflex Blue na Orange 021. Mteja akija na mojawapo, mwambie mapema, kabla hajalipa, kwamba utamkaribia lakini hutamfikia. Mwonyeshe kilichochapwa. Mazungumzo hayo ni rahisi kuliko ya baada ya bango kupanda ukutani.

Sasa kazi yenyewe. Tengeneza chati yako ya rangi. Kwa bluu peke yake, chora visanduku vya sentimita 3 kwa 3. Sayani ibaki 100 kote. Kwenda kulia, majenta ianze 40 na kupanda kwa 5 hadi 80. Kushuka chini, nyeusi iwe 0, 10, 20, 30. Hivyo ni visanduku 36, na vinaingia kwenye kipande cha fleksi kisichozidi rula ya mwanafunzi. Chini ya kila kisanduku andika namba zake kwa herufi ndogo nyeusi. Bila namba, chati ni pambo.

Kabla ya kuichapa, fanya jaribio la matundu ya wino kwenye kichwa cha mashine. Tundu chache za sayani zikiziba, chati nzima itakudanganya, na utaendelea kudanganyika kila siku utakapoitumia. Chapa kwa mpangilio uleule utakaotumia kwa kazi za wateja: pasi zilezile (mara ambazo kichwa hupita mahali pamoja), rezolusheni ileile, joto lilelile. Iache ikauke, kisha itazame nje, kivulini, mchana. Taa za duka zina rangi yake, na rangi mbili zinazofanana chini ya taa zinaweza kuachana kabisa juani. Bango la nje lipimwe kwa mwanga wa nje.

Fanya hivyo pia kwa nyekundu, kijani, chungwa na damu ya mzee. Kwa nyekundu, majenta ibaki 100 na njano uicheze kati ya 70 na 100, maana njano ikizidi nyekundu inaelekea chungwa, ikipungua inaelekea waridi. Damu ya mzee ndiyo inayosumbua zaidi: sayani ikizidi kidogo tu, inageuka zambarau, ikipungua inabaki nyekundu chafu. Hapo panda kwa 3 badala ya 5. Chati ya fleksi haitumiki kwa stika. Vinaili, plastiki ya stika, ni nyeupe zaidi na inapokea wino kwa namna nyingine, kwa hiyo ina chati yake.

Ukishachagua visanduku unavyovipenda, viingize kwenye paleti yako mwenyewe. Kwenye CorelDRAW mpya fungua menyu ya Window, kisha Dockers, kisha Palettes. Tengeneza paleti mpya, ipe jina lenye mashine na malighafi, mfano "Fleksi kawaida pasi 6", na kila rangi uipe jina linaloeleweka pamoja na namba zake. Rangi 25 hadi 30 zinatosha duka zima. Halafu fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: ifunge ile paleti ya mwanzo isionekane kabisa. Ikibaki pale pembeni, mkono utarudi kwake siku ya haraka. Anayetumia programu ya Illustrator ahifadhi rangi kama faili la ASE (faili la orodha ya rangi), alifungue kwenye kila kompyuta ya duka.

Mteja akileta namba ya Pantone, acha rangi hiyo ibaki rangi maalumu (spot), usiigeuze CMYK ndani ya CorelDRAW. RIP (programu inayotafsiri faili kwa ajili ya mashine ya kuchapa) nyingi zina jedwali lao la Pantone, na huitambua rangi kwa jina. Jina likiwa "PANTONE 185 C" RIP italikuta kwenye jedwali na kuchanganya wino kwa kufuata profaili (faili linaloeleza tabia ya rangi) ya fleksi yako. Ukilibadilisha kuwa "Nyekundu ya mteja", haipati kitu, inatumia namba za akiba zilizomo kwenye faili. Hivyohivyo ukiiwekea kivuli au uwazi: sehemu ile huweza kugeuzwa picha ya CMYK, na nembo moja inatoka na nyekundu mbili. Wakati wa kutoa PDF, kwenye sehemu ya rangi chagua Native, na uhakikishe alama ya kugeuza rangi maalumu haijawekwa. Kitabu cha Pantone kiwe cha C (coated, yaani karatasi iliyopakwa) kwa kazi zetu, na usikiache dirishani. Pantone wenyewe wanashauri kibadilishwe kila baada ya mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, kwa sababu karatasi inageuka njano na rangi zinapauka.

Umeuliza pia kuhusu kile kisanduku kinachoonekana kuzunguka nembo, ingawa kwenye skrini hakikuwepo. Hapo nembo ililetwa kama JPEG ya RGB yenye mandhari yake ya bluu, nawe ukaiweka juu ya bluu uliyochora kwa CMYK. RIP inazipitisha kwenye njia mbili tofauti, picha kwa njia yake na michoro kwa njia yake, zikatoka bluu mbili. Kulinganisha kwa macho hakutasaidia. Ichore nembo upya, au toa mandhari yake ibaki yenyewe. Na ukaguzi mwingine wa kufanya mara moja: profaili ya CMYK iliyowekwa kwenye mipangilio ya rangi ya faili iwe ileile iliyowekwa kama profaili ya kuingilia kwenye RIP. CorelDRAW ikiwa Japan Color na RIP ikiwa SWOP (viwango viwili tofauti vya uchapaji), namba zilezile 100 na 60 zinasomwa kwa maana nyingine. Chagua moja, halafu usiiguse tena, kwa sababu ukiibadilisha chati zako zote zimekufa.

Picha za watu na vyakula ziache RGB na profaili yake ndani. RIP itazigeuza vizuri kuliko utakavyozigeuza wewe.

Nyeusi. Kwa maandishi madogo tumia K (nyeusi) 100 peke yake. Kwa eneo kubwa, K 100 peke yake kwenye fleksi hutoka kama mkaa uliopauka, kwa hiyo isaidie: 60, 40, 40, 100. Jumla yake ni 240, na fleksi ya kawaida inabeba. Ile rangi inayoitwa Registration usiiguse kwa lolote. Ni wino zote nne kwa 100, jumla 400 kamili, wino unabaki mbichi, unanata bango likikunjwa na unahamia mgongoni mwa fleksi. Kijivu kichanganye kwa K tu. Ukikiunda kwa sayani, majenta na njano, mashine ikiyumba kidogo kinageuka cha kijani au cha waridi.

Kwa stika za kupakwa laminesheni (plastiki nyembamba ya kukinga), ngoja saa 24 ndipo upake, na kipande cha chati nacho kipake. Laminesheni ya kung'aa inazamisha rangi, ya mati inazipausha kidogo. Boksi la taa ni habari nyingine kabisa: bluu iliyokuwa sawa mchana itaonekana imefifia taa ikiwaka nyuma yake. Chapa chati kwenye fleksi ya taa, kwa wino mzito, na uichague taa ikiwa imewashwa. Kisha ipime tena taa ikiwa imezimwa, kwa sababu mchana bango litasomwa hivyo. Tafuta rangi inayokubalika pande zote mbili, hata kama si bora kwa upande wowote.

Bango la zahanati lirudie kwa 100, 60, 0, 0 na kwa 100, 65, 0, 10, kipande cha kiganja kwa kila moja, mteja achague akiwa amesimama nje. Ukishachapa chati ya bluu, kata safu mbili za juu zikiwa na namba zake, zitie kwenye bahasha ngumu na umpe kondakta wa basi la jioni. Nitazipima hapa na kukurudishia namba kwa simu.

Wasalimie nyumbani.

Rafiki yako,
Mwanaidi